Feni Inayokoroma

Mdogo wangu kipenzi,

Huku ni salama, ila sauti imenikauka kwa kugombana na watu wa dukani. Niliona tangazo la punguzo, nikajitia mjanja, nikanunua feni ya bei chee. Kuiwasha tu, ikaanza kukoroma: krrr, inanyamaza, krrr tena. Nikairudisha. Binti wa huduma kwa wateja, macho kwenye simu yake, akanijibu, “Mama, mali ikishauzwa hairudi.” Nikaja juu! Nilienda na kurudi mpaka meneja akachoka na kelele zangu, akanibadilishia.

Hii mpya haina hata mnong’ono. Nyumba ikawa kimya, usingizi ukanipaa. Unakumbuka shemeji yako alivyokuwa akikoroma, nami nampiga kiwiko? Tangu tumzike, sikujua nilichokuwa nakikosa.

Jana nikarudi dukani kuiomba ile mbovu. Binti akacheka, “Mama, si ulitugombeza kwa feni hiyo hiyo?” Nikamwambia anipe tu, habari yake ni ndefu.

Nimeiweka kwenye stuli, upande wake wa kitanda. Ikizidisha, naipiga kiwiko, inatulia kidogo.

Usicheke.

Dada yako