Fahali Wako na Maji ya Mtungi

Arusha, Agosti 1996. Mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke Ifakara.

Shemeji Damiani,

Barua ya mkeo, dada yangu Rosa, imefika. Kaburi lako limesakafiwa, mpunga umevunwa, na maksai wako bado anavuta jembe. Halafu ameandika jambo dogo ambalo limenivuruga. Asubuhi ile ya likizo yangu huko Lupiro, miaka sita iliyopita, nilipochukua mbegu za fahali wako nikakupa chupa uitangulize Ifakara kwa baiskeli, uliitumbukiza kwenye maji baridi ya mtungi. "Isichache kama maziwa," ulimwambia.

Shemeji, mbegu zikipoozwa ghafla ngozi zake hupasuka. Kimeng'enya, ile kemikali ya uhai inayopaswa kukaa ndani ya mbegu, huvuja kwenye majimaji. Ndicho nilichopima maabara, nikakikuta nje, kingi mno. Nikakuambia fahali ni mbovu, umhasi. Ulicheka: "Shemeji, unamhukumu bwana harusi kwa jasho lake?" Kesho yake ukamhasi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Sasa sijui nilipima fahali au mtungi. Kipimo kinasema mbegu zimevuja. Hakisemi nani kazipasua. Na je, nilikuambia uibebe kwapani, ipate joto la mwili? Naisikia sauti yangu ikisema hivyo. Lakini nimewaambia wengi maneno hayo, labda ndiyo maana naisikia. Sikukuuliza chupa ilisafiri vipi. Sikurudia kipimo. Likizo ilikuwa inaisha.

Halafu wale ndama wawili wenye baka jeupe kwenye paji, kama la fahali wako. Uliniandikia kwamba ni wake, wa mwisho. Nikakujibu ni wa fahali wa Wasukuma waliopita na mifugo yao. Huyo wa Wasukuma naye alikuwa na baka... nadhani. Nilijibu haraka mno. Kilabuni wakakuita Baba Maksai, nawe ukaitika, hadi umekufa ukiitika.

Pumzika, shemeji yangu. Nitamwandikia Rosa, naye awasomee palepale kilabuni, kwa sauti: fahali wa Damiani hakuthibitika mbovu, na kosa la kutouliza ni la shemeji yake. Nilitaka kuja kuyasema mwenyewe. Nauli ninayo, miguu bado inanibeba. Ila wa kuniambia maji yale yalikuwa baridi kiasi gani ni wewe tu.

Sitarudi.

Shemeji yako,
Benedikto