Kikaratasi Mgongoni mwa Kaseti

Lodwar, Jumapili, 17 Februari 2013

Kwako Akiru,

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi ndani ya kikombe cha chai. Kanisani sikukaa mpaka mwisho. Nilimwambia jirani kwamba kichwa kinaniuma, nikatoka. Kichwa hakikuwa kinauma.

Nimeumia kwingine.

Wanaosoma blogu hii, ambao si wengi, wamezoea nikiandika juu ya redio kuukuu, jinsi ya kusafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, na mahali pa kupata raba ya ndani ikilegea. Leo watanisamehe. Niko saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, nachapa kwa vidole viwili kama nilivyokuwa nikichapa kwenye taipureta ya parokia, na ninayemwandikia ni wewe, mke wangu.

Unakumbuka ile kaseti yenye karatasi ya kijani? Ile ya mjomba wako akimwimbia fahali wake. Upande wa pili, wimbo ulipoisha, ulininyang'anya redio ukaiweka karibu na mdomo. Wewe uliyekuwa ukikimbia kila nikibonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Siku hiyo sijui ulikuwa umekula nini. Ulisema maneno yako kwa Kiturkana, taratibu, kama mtu anayetangaza habari, nami nikacheka mpaka nikakohoa.

Hiyo ndiyo sauti yako pekee niliyokuwa nayo. Picha ninazo. Sauti ilikuwa hiyo moja.

Tangu ulipotuacha mwaka jana nimekuwa nikiisikiliza Jumapili baada ya kanisa. Lakini redio yetu imezeeka vibaya. Inaanza kuimba vizuri, halafu sauti inazama kama mtu anayesinzia, halafu inameza utepe. Mara ya mwisho niliuchomoa kwa kijiti, nikauviringisha tena kwa kalamu. Nikaona ikimeza tena nitakupoteza mara ya pili.

Ndipo nikamwambia Majok.

Kwa wasiomjua: Majok ni fundi cherehani katika kambi ya Kakuma, mtu wa Sudan Kusini, rafiki yangu kwa miaka mingi. Nilikutana naye nilipokuwa mtunza stoo wa parokia na tukipeleka bidhaa kule kwa lori. Nilikuwa nimefungua redio kwenye kibanda cha dereva, mzee mmoja wa Kerio akimwimbia ng'ombe wake, na mtu mrefu akaja akasimama dirishani bila kusalimu mpaka wimbo ukaisha. Halafu akaniambia kwamba hata kwao mwanamume humwimbia fahali wake, na kwamba yeye fahali wake alibaki nyumbani vitani lakini wimbo alikuja nao.

Tangu siku hiyo tulitumiana kaseti. Mimi naweka wimbo wa kwetu, yeye anarudisha wa kwao, na pembeni kila mmoja anaweka barua ya mdomo: hali ya hewa, nani mgonjwa, nani kajifungua. Kaseti mpya hazikuwa rahisi kupata, kwa hiyo tulikuwa na sheria yetu. Maneno yakishasikika yanafutwa, tunarekodi mengine juu yake. Wimbo mzuri haufutwi. Wimbo mzuri, unavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, na hapo hakuna redio itakayokubali kurekodi juu yake tena.

Kwao na kwetu wazee waling'olewa meno ya chini wakiwa wadogo. Majok hana, mimi sina. Kila alipovunja vijino vya kaseti alikuwa akifungua mdomo ananionyesha pengo lake na kusema, "Sasa huyu mtu mzima. Hata mama yake hawezi kumwambia kitu."

Ulikuwa ukimcheka sana kwa hilo. Akija kwetu ulikuwa ukimpa maji kabla hajaketi, naye alikuita Mama Akiru.

Basi mwezi wa Desemba nilikwenda Kakuma na ile kaseti mfukoni. Majok sasa ana simu yenye kioo cha kugusa, anaifuta kwa kitambaa kama miwani. Aliniambia kuna fundi wa simu kambini, Mkongo, ana mashine ya kuchukua kaseti na kuiingiza kwenye memori kadi, kadi yenyewe ndogo kama ukucha. Nyimbo zetu zote zitaingia humo na bado nafasi itabaki. Nilimpa kaseti. Nilimwambia aitunze. Nilidhani neno hilo linatosha, kwa maana mgongoni vijino vilikuwa vimevunjwa, na kati yetu sisi wawili hilo ni neno kubwa kuliko yote.

Sikumwambia ni sauti ya nani iliyo upande wa pili. Niliona haya. Mzee mzima kusema anasikiliza mkewe kila Jumapili.

Alhamisi nilikwenda kuichukua.

Alikuwa na furaha, Akiru. Alinisalimu kwa Kiturkana chake cha kuvunjika, "Ejok, ejok, ejok," akanivuta ndani, akaondoa vitambaa kwenye kiti. Akataka kuitia ile kadi kwenye simu yangu ya vitufe, kisha akaona simu yangu haina pa kuitia, akacheka, akaitia kwenye yake. Akabonyeza kioo. Mjomba wako akaanza kuimba.

Ni safi, sitasema uongo. Ule mvumo wa utepe haupo. Mtu anasikia hata mjomba akivuta pumzi. Wanawake wawili waliokuja kuchukua nguo zao walisimama kusikiliza. Mmoja akamwambia Majok, "Wewe mzee unakaa na ng'ombe ndani ya simu? Atakunywa maji wapi?" Majok akamjibu kwamba huyu hanywi maji, anakula chaji tu.

Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nangoja.

Wimbo ukaisha. Baada yake nilijua kuna mlio wa redio kunyang'anywa, halafu wewe. Badala yake ukaanza wimbo mwingine, wa kaseti nyingine kabisa.

Nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Ikaruka vilevile.

"Baada ya hapa kulikuwa na mtu anaongea," nikasema.

"Aa, ile," Majok akasema. "Ile tulikata. Mkongo aliniuliza, baba, hii maneno ibaki? Nikamwambia toa, acha wimbo peke yake. Imetoka safi, si umesikia?"

"Ulisikia ni nani?"

"Msichana fulani. Kwa mashine yake sauti ilikuwa inakimbia, nyembamba hivi. Msichana anapiga kelele zake."

Nikamwomba kaseti. Niliona moyoni kwamba hakuna shida, kadi imekata lakini kaseti ipo. Akaitoa kwenye droo ya cherehani, imefungwa kwa kipande cha kitenge, imefungwa kwa heshima. Nikaigeuza mgongo kama tulivyozoea.

Tundu la kijino cha upande wa pili lilikuwa limezibwa. Kikaratasi kimekunjwa mara nyingi, kimesukumwa ndani kwa ncha ya mkasi.

Wanaojua kaseti wanajua maana yake. Kaseti iliyovunjwa kijino haifutwi kwa bahati mbaya. Mtu anaweza kukosea kitufe mara mia na haitafutika. Lazima aketi, akunje karatasi, azibe lile tundu. Ni kazi ya mtu aliyekusudia.

"Nani ameziba hapa?"

"Mimi," akasema. Na bado alikuwa anatabasamu, ndilo linaloniuma. "Nimekuwekea barua. Kaseti mpya Kakuma hakuna, nimetafuta mpaka kwa Wasomali. Nikaona wimbo umeshaingia kwa memori, kaseti sasa iko wazi. Utasikia nyumbani. Ni barua juu ya mama Akiru. Ya pole. Sikukuja kwa mazishi, na haya mambo sipendi kuyasema kwa simu."

Wale wanawake walikuwa wameshaondoka. Nilisikia cherehani ya jirani ikienda.

"Majok," nikamwambia, "yule msichana alikuwa Akiru."

Aliitoa ile futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, akaiweka juu ya meza, akaiviringisha vizuri mpaka mwisho. Halafu akanyoosha mkono.

"Basi usisikilize hiyo. Nipe nikae nayo mimi."

Sikumpa. Nilisimama nikaenda zangu. Alinifuata nyuma hadi kituoni, akasimama kando ya gari mpaka likaondoka, na mimi nikatazama mbele.

Amekula chakula chako miaka hiyo yote, Akiru, na hakuijua sauti yako.

Hilo ndilo ninalolala nalo tangu Alhamisi. Kila nikitaka kumtetea najikuta nimerudi hapo. Ni kweli mashine ilikuwa inakimbia. Ni kweli alifuata sheria yetu wenyewe, maneno yanafutwa, wimbo unabaki. Mimi ndiye niliyeitunga pamoja naye na sikuwahi kumwambia kuwa kuna maneno mengine. Yote hayo ni kweli. Lakini kila nikifumba macho naona vidole vyake vya ushonaji vikikunja kile kikaratasi.

Na ile kadi nayo! Kila mtu alinihakikishia kwamba vitu vipya havisahau. Redio yangu mbovu ilinimezea utepe, ndiyo, lakini haikuwahi kuamua yenyewe kipi ni wimbo na kipi ni kelele.

Jana mchana nilinunua mawe mapya ya redio nikaisikiliza barua ya Majok. Nilitaka kujua ameongea muda gani. Nilikuwa nikisema moyoni, mtu wa maneno machache huyu, huenda alimaliza kabla ya kukufikia.

Anaanza kama kawaida, kwa jina na mahali. Halafu anakohoa.

"Ewoi ndugu yangu, mimi Majok, niko Kakuma, jua imeanza kuwa kali. Mama Akiru alinipa maji siku ya kwanza kabla hajaniuliza jina langu. Mimi nilikuwa nimetoka mbali na watu wote walikuwa wananiuliza jina kwanza."

Anasema mengine. Anasema jinsi ulivyomshonesha gauni la kitambaa cha buluu ukakataa kulivaa mpaka Krismasi. Nilikuwa nimelisahau gauni hilo. Kuna mahali anaanza kuimba kidogo, wimbo wa fahali wake, lakini ndani yake ameingiza jina lako, halafu anaacha katikati.

Nilimsikiliza huku nikimchukia. Sikujua kwamba mtu anaweza kufanya mambo hayo mawili pamoja.

Halafu kitufe kinalia, tak.

Na baada ya hapo, Akiru, ninasikika mimi. Ninacheka. Ninacheka na kukohoa na mbuzi wa jirani analia. Majok alinyamaza pale pale ulipomaliza kusema. Amefunika kila neno lako na kuniachia kicheko changu, cheko la mtu mwenye mke, na sasa linacheka bila sababu.

Nikazima. Nikasema si kitu, maneno yenyewe ninayo kichwani, nimeyasikia kila Jumapili.

Sinayo.

Najua ulikuwa unanitania. Ulisema kuna mzee hapa Lodwar ana mafahali wa watu wote, wa Kerio, wa Lopur, hata wa Sudan, lakini maziwa ya chai anatumwa dukani kununua. Hapo nina hakika. Lakini hao mafahali ulisema amewafungia ndani ya sanduku, au ulisema wamelala chini ya kitanda? Mwishoni uliita jina langu, au ulisema tu "mzee huyu"? Na kulikuwa na neno moja la kwenu, la kule ziwani, ambalo ndilo lililonichekesha hasa. Nimelitafuta tangu jana. Nimejaribu kulisema kwa mdomo wako. Halitoki.

Nilipoona kaseti inakumbuka, mimi nikaacha kukumbuka. Nilikuwa nasikiliza tu, nimestarehe, kama mtu aliyebebwa.

Leo baada ya kutoka kanisani nilichukua sindano yako ya kusukia vikapu nikakichokoa kile kikaratasi mpaka kikatoka. Ni kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, kina mstari wa penseli. Sasa tundu liko wazi tena na hakuna atakayerekodi juu ya kaseti hii, hata mimi nikiwa na hasira. Barua ya Majok itabaki. Sikufanya hivyo kwa ajili yake. Nimefanya hivyo kwa ajili ya gauni la buluu.

Simu imelia tena nikiandika haya. Ni yeye. Amepiga jana, amepiga leo asubuhi. Naitazama ikitambaa juu ya meza ya saiba na siishiki. Kesho sijui.

Wewe ndiye uliyeyasema yale maneno, kwa hiyo wewe unayo. Yashike huko uliko, usiyafute. Na unikumbuke mimi, yule anayecheka mwishoni.

Ewoi