Saburo, Mwanao wa Tatu

Kaka yangu,

Mwanao amezaliwa. Mvulana tena, wa tatu. Mama alinipigia hapa Riyadh nikiwa napiga pasi kanzu za bosi, akalia kwanza ndipo akasema. Nami nikalia, maana habari hiyo ilikuwa yako kuipokea, si yangu.

Unakumbuka ulivyonichekesha na yule injinia mzee wa Kijapani, wa nyumba uliyokuwa ukilinda Jeddah? "Sis, huyu buda anaitwa Saburo. Kwao ni jina la kijana wa tatu. Si hiyo ni kama kwetu Wakikuyu, majina yanafuata foleni?" Kila Ijumaa mzee huyo alikuwa akitoka na kiti chake kuketi nawe getini. Alikusimulia kuhusu akina Saburo wa zamani, wapiganaji, mmoja wao aliteka sehemu kubwa ya nchi. Lakini wengi, alisema, walikuwa vijana ambao shamba la baba halikuwafikia, wakaondoka kwao kutafuta. Hapo hukucheka tena. "Wa tatu akiwa boy, ni Saburo," ukaniambia. Nikakutania kwamba utamfanya mtoto achekwe shule nzima.

Kwetu wa tatu huitwa jina la kaka wa baba, nawe ulikuwa na mimi tu. Wazee nyumbani wakataka jina la binamu yetu, yule asiyewahi kukujulia hali. Mama akaniuliza wewe ulitaka nini. Nikamwambia.

"Saburo ndiye nani wetu?" akauliza kwa ukali.

Nikamweleza kuhusu siku ile jua lilipokuangusha. Kafili wako, mwajiri aliyekushikia karatasi zako, alisema unajifanya mgonjwa. Ni mzee Saburo aliyekuingiza garini, akakaa nawe hospitalini mpaka ukakata roho, kisha akanipigia kwa simu yako. Kiingereza chake kilikuwa cha shida. Aliweza tu kuniambia hukuwa peke yako.

"Basi huyo ni kaka wa mwanangu," mama akasema. "Mtoto aitwe hivyo."

Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Nina hasira, kaka, hasira inayofanya hata sala igome kutoka. Nilimwomba madam ruhusa nije nikuone. "Mafi Jeddah," akasema, yaani hakuna kwenda. "Yalla, kazi."

Mtoto ana jina sasa. Wewe bado uko mochari, kafili hajatia sahihi karatasi za kukurudisha nyumbani, na mama ananiuliza wachimbe kaburi lini.

Pumzika huko kwenye baridi ya ugenini.

Dada yako wa pekee