Mwezi wa Upande wa Moa

Mwarungu, Vanga
Mei, 1956

Kwa kaka yangu Matano,

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kidonda chako cha jembe kiwe kimefunga. Sisi huku hatujambo. Masika yametukalia vizuri, mpunga umesimama, na shemeji yako Chiku anakusalimu. Mama mwili wake haujambo. Moyo wake nitakueleza huko mbele.

Najua utaona mwandiko wangu utake kuiweka kando. Tafadhali usiiweke. Aliyeileta nimemwambia asisubiri jibu.

Nimekaa siku hizi nikifikiri sisi watu wa hapa tulivyo. Kutoka mlangoni kwa mama hadi kwako upande wa Moa ni mwendo wa kutafuna miwa miwili, ukilipita lile jiwe la mpaka ambalo mbuzi wanajikunia. Huku tuna bendera nyekundu ya Sayyid wa Unguja pamoja na Mwingereza, huko mna Mwingereza peke yake, na kabla yake mlikuwa na Mjerumani. Karatasi zangu zanisema mimi mtu wa Kenya, zako zakusema wewe mtu wa Tanganyika, na tumelala kitanda kimoja hadi ukapata ndevu. Mwaka mzima hatuyakumbuki hayo. Twaozana, twazikana, kuku wetu wanataga ng'ambo na mayai yanarudishwa. Ramadhani ikifika mwisho ndipo kila mtu ajua ni wa serikali gani, maana sisi twangoja habari ya Mombasa na nyinyi mwangoja ya Tanga.

Nami, kaka, tangu nipate ukarani kwa mudir wa serikali nimekuwa mtu wa kuvaa viatu hata kwenda chooni. Ulinitania hivyo mwenyewe, nami nilinuna, lakini ulisema kweli.

Jioni ile ya ishirini na tisa, baada ya magharibi, tarishi wa mudir alikuja na baiskeli imejaa tope. Alisema simu ya Mombasa imefika, mwezi haukuonekana, watu wafunge, na mimi niwatangazie msikitini. Akaongeza kwamba mudir hataki mwaka huu kusikia watu wa mpakani wakifuata ya Tanganyika, na kwamba ananitegemea mimi. Neno hilo la kutegemewa lilinipanda kichwani. Nikaenda nikatangaza, na sauti nikaikaza.

Nawe ukaingia, miguu ina tope, umebeba mchele wa mama wa sikukuu kama kila mwaka. Ulisema umeuona mwezi pale kwenye kivuko cha mto, mawingu yalipopasuka kidogo, umelala chali. Mwalimu Kibwana akakuapisha, ukaapa. Kisha akatuambia sote kwamba mwezi hauna bendera. Akisimama shahidi mmoja zaidi, awe wa Vanga awe wa Moa, kesho ni Idi, na lawama ya mudir ataibeba yeye. Akauliza nani mwingine ameuona. Akauliza tena, akitupitishia macho safu kwa safu. Hakusimama mtu. Hapo ndipo Boga, kwa ule mdomo wake, aliposema mwezi wa Tanganyika ukaliwe Tanganyika. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ulinitazama nikicheka, kaka.

Kesho yake ulikaa barazani kwa mama ukala ndizi mbele ya watu, ukasema huwezi kufunga siku ya Idi hali unajua ni Idi. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani wakakuita mlafi. Mama akaona haya, akakuambia ukale kwako. Nilikuwa dirishani nikisikia kila neno. Uliutua mchele mlangoni ukaenda zako, na mimi sikutoka.

Halafu ikaja ndoa ya Mwanarusi. Kwetu Wadigo mpwa haolewi mjomba mkubwa hayupo, na marehemu dada yetu alikuachia wewe mtoto wake, hakuniachia mimi. Ulikuja na kanzu yako nyeupe, ukakaa mahali pa shahidi. Boga akasema mtu aliyeapa uongo juu ya mwezi hawezi kushuhudia ndoa. Watu wa bwana arusi wakaingiwa na wasiwasi, wakaomba abadilishwe. Mwalimu Kibwana alibisha, hakusikilizwa. Basi wakaniita mimi, kwa kuwa ni karani na ni mtu mwaminifu. Nikakaa palepale ulipoinuka, mkeka ungali na joto lako, nikashuhudia. Uliondoka kabla ya kahawa. Nasikia umesema hutavuka jiwe lile tena, hata kwa maziko.

Sasa nakuambia lililonifanya nishike kalamu. Niliuona.

Nilikuwa uani nikitawadha kwa ajili ya isha, mguu mmoja nimekwisha kuuosha. Wingu likafunguka juu ya paa la jiko la mama, nao uko pale, mwembamba, umelala chali kama ulivyosema. Kushoto kwake palikuwa na nyota ndogo ambayo wewe hukuitaja. Nilifurahi, nikataka kumwita Chiku. Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli ya tarishi, na alipokwisha kusema yake, nikauweka moyoni kama kitu cha wizi. Mwalimu Kibwana alipouliza, shahidi wa pili nilikuwa nimekaa safu ya kwanza, na viatu vyangu viko mlangoni.

Na bado hujasikia la aibu zaidi. Siku ile uliyoitwa mlafi, mimi pia nilikula. Nilijua kufunga Idi ni haramu, kwa hivyo niliingia ghalani nikala tende nyuma ya magunia, nikafuta mdomo, nikatoka nikakaa na waliofunga. Nikalalamika kiu pamoja nao. Magharibi Chiku alinifuturisha, nikasema Alhamdulillahi. Wewe ulikula mchana kweupe ukatukanwa. Mimi nilikula gizani nikaitwa mwaminifu. Najionea haya hata kumtazama mbuzi.

Jana nilimwambia mama. Alinitaka niyarudie yote tangu mwanzo, nikayarudia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliinuka akautoa ule mchele wako, haujaguswa hata punje, akauweka mbele yangu. Alisema yeye Idi bado hajala, na hataupika mpaka mkono wako alioufukuza umkabidhi tena. Kisha akalia, na kilio cha mama unakijua.

Ijumaa, baada ya swala, nitasimama niseme haya mbele ya Mwalimu Kibwana na Boga na wote waliocheka. Ukarani ukienda, na uende. Sikuombi unisamehe, maana sijui ningesamehe vipi mimi. Nakuomba uje ukae safu ya mbele, wasikie nawe upo. Usipokuja nitasema vilevile.

Nisalimie shemeji sana, na watoto mmoja mmoja. Mwanarusi anakupa shikamoo. Amekataa kuniita mjomba, na sikumkanya. Mama hana salamu, ana mchele.

Wasalaamu, ni mimi mdogo wako,
shahidi wa pili,
Chande