Nadhiri ya Filamu Nne

Jumanne, 4 Machi
Shangazi Lamduan karudi kutoka hospitali! Amekonda, lakini mikono ni ile ile iliyokata magamba elfu tisa ya joka la sinema za Ufalme Chini ya Mto. Filamu zote nne! Chupa za plastiki, mkasi, rangi ya kijani.

Babu Mlinzi, mzimu anayetulinda, amenisikia. Wiki iliyopita nilipiga magoti kwenye kibanda chake cha mzimu, nikaweka nadhiri: shangazi arudi nyumbani, nami nitamwonyesha Babu filamu zote nne. Nilitaka kusema zaidi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya waombaji wa namba za bahati nasibu, mmoja akakohoa. Nikaona aibu, nikaishia hapo.

Jumatano, 5 Machi
Kwa Mjomba Sangwian, anayeonyesha mizimu sinema. Nilisimama mlangoni mpaka akaanza yeye kusema. Akacheka — eti wenzangu huahidi mizimu kichwa cha nguruwe, mimi joka. Jioni moja, filamu moja. Ya nne ikiisha nichome udi, nimwambie Babu nadhiri imekwisha. Mimi mwenyewe, kwa sauti.

Ijumaa, 7 Machi
Ya kwanza. Safu tano za viti vitupu, vya Babu na wenzake. Mimi pembeni, na mbwa wawili. Joka likigeuka bado linabonyea mgongoni. Ndani walikuwa watu sita, wa tatu mfupi — shangazi ndiye aliyeniambia. Tangu hapo nalipenda zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama alikuwa akiosha mchele, anaongea na jirani. Hakujua nipo. Madaktari hawana tena la kufanya. Wamesema bora akae na watu wake. Wiki mbili, labda tatu.

Niliomba nyumbani tu. Sikusema apone.

Ya pili imeonyeshwa. Sikumbuki kitu.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia mama yote. Akasema, "Ulichoomba umepewa, Pui. Usimdhulumu Babu, atakuja kukichukua."

Lakini nikishamlipa nadhiri yote? Ana sababu gani tena ya kumtunza shangazi?

Leo shangazi alitaka kuja kuiona ya tatu. Akaketi safu ya mbele, ya mizimu. Mjomba Sangwian akajaribu kumhamisha.

"Niache. Babu atanisogezea kiti. Karibu tutakuwa majirani."

Mjomba alicheka peke yake.

Joka lilipotoka mtoni, shangazi alinibana kidole. Gamba moja la shingoni limebandikwa juu chini. Alifanya makusudi, ili mimi, nikiwa mdogo, nijue mkono wake ulipo.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika kwa mwanga wa skrini. Ya nne inakwisha. Joka limerudi majini, majina yanapanda. Jina la shangazi ni la tatu kutoka mwisho, dogo, linapita upesi. Nilimwangalia yeye, sikuliangalia.

Mjomba ameniwekea udi na kibiriti mapajani.

"Haya, mwanangu," kasema shangazi. "Mwambie Babu tumemaliza. Tusimchoshe."

Kijiti cha udi kiko mkononi. Skrini nyeupe sasa, wadudu wanapitapita. Nimemwomba mjomba airudishe ya tatu kabla sijauwasha. Nimesema lile gamba jana sikuliona vizuri.

Shangazi ananitazama. Anajua naliona hata nikifumba macho. Mjomba naye kashika swichi, anamngoja yeye aseme —