Pua Uliyoitoa Mara Mbili

…Ndiyo, yaya Didier, kaka yangu mpendwa, ni Augustin yule yule wa kitanda kilichokuwa chini ya chako kambini. Nimeolewa naye, hii ni wiki ya tatu, na nina furaha hata naona aibu kukuandikia hivi, wewe ukiwa kaburini. Asubuhi ananiamsha kwa kuniita jina langu tu, polepole, na moyo wangu unaruka.

Unakumbuka ulivyonipigia simu siku ile watu wa maabara walipokuja kuwapima makuruta corona? Ulikuwa unacheka. "Mudogo, banaingiza kijiti mu pua mpaka ku bongo! Na mi banaingiza mara mbili!" Nilidhani ni utani wako.

Haukuwa utani. Augustin alinieleza kabla ya kuleta mahari, macho chini. "Mi njo nilikuwa nakohoa. Niliogopa batanirudisha nyumbani. Didier akaniambia: leta jina yako, pua iko yangu." Nyote mlivaa barakoa, na wapimaji hawakuwajua kwa sura. Jina lake lilipoitwa, ukasimama wewe. Majibu yakarudi safi, yako na yake, naye akaendelea kulala pale chini yako, akikohoa. Yeye alipona. Wewe hukupona.

Nililia siku mbili. Kisha nikakumbuka utoto wetu Makomeno, ulivyokuwa ukinywa dawa yangu chungu ya malaria: "Leta, mi njo nitakunywa, Mama haiko huku." Ulikuwa hivyo, yaya. Nikashindwa kumchukia mtu uliyempenda. Nikamkubali.

Lakini Mama hajui. Siku ya harusi alimshika Augustin mashavu mbele ya wageni, akasema, "Mungu amenirudishia mutoto." Augustin akatoka nje, nikamkuta nyuma ya jiko, analia ndani ya suti yake mpya. Tangu hapo, chakula cha Mama hakimshuki. Ninaogopa, yaya. Mama akimfukuza, nitasimama wapi mimi? Hata hivyo, hatuwezi kuendelea kupokea upendo wake hivi.

Waliokuzika walivaa nguo nyeupe za plastiki, Mama akazuiwa kwenye geti la makaburi, hakukuaga. Kwa hiyo tumeamua aambiwe hapo hapo ulipolala, na Augustin mwenyewe ndiye atakayesema. Usimkinge tena, yaya. Msikilize tu. Tunakuja sote watatu, kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako, mke wa Augustin