Kisiwa Ambacho Mgeni Husimama Majini

Kisiwani, mbele ya Kigwena, karibu na Rumonge
Tarehe 12 Rajabu

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wote waliomo nyumbani, na kwamba lile goti lako halikuumi tena unapoinama kisimani. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila usishangae mwandiko. Naandika nimelala kifudifudi juu ya mkeka, kwa sababu kukaa bado siwezi. Nitakueleza, na nakuomba usilie kabla hujafika mwisho.

Barua yako niliipata kwa wachukuzi waliotoka Ujiji. Umesema mke wangu Zaituni amekufa, mtoto sina, ndugu sina huku, basi nirudi Tanga. Nimeisoma mara nyingi. Jibu langu ni hapana, dada, na sababu yake ndiyo habari ya barua hii.

Kisiwa hiki ni kidogo, ukipiga chafya upande huu unasikika upande wa pili. Lakini kina upepo, na mbung'o hawafiki. Kwa hiyo malale yalipoanza kuua watu wa ufukweni, wagonjwa waliletwa hapa wapumzike. Zaituni naye alipougua, alipumzikia hapa miezi yake ya mwisho, na hapa nilimzika, chini ya michikichi, pamoja na wengine waliomtangulia. Kila kaburi limezungushiwa mawe meupe. Mawe ya kwake niliyachagua mwenyewe.

Siku ya kwanza tuliyofika, miaka sita iliyopita, nilikuwa nimeitwa kuziba mashua za wavuvi kwa kalafati. Niliruka mchangani kama mtu anayeingia kwake. Mara nikasikia sauti: "Weye mugeni! Nani amekuita? Rudi mu maji!"

Alikuwa Mama Karorero, mkaushaji wa ndagala, hao dagaa wa huku, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Nilidhani anatufukuza. Zaituni akacheka. "Anataka tubishe hodi," akasema.

"Mlango uko wapi?"

"Umesimama juu yake."

Ndiyo desturi ya hapa. Mgeni hushuka chomboni, akasimama majini mpaka magotini, akangoja mwenyeji aseme karibu. Hata mfalme angengoja. Tulirudi majini, tukakaribishwa, kisha mimi nikafanya kosa la pili, kubwa zaidi. Nilichukua chungu chetu cheusi kwa masizi ya safarini nikakiosha ziwani. Wavuvi walininyooshea vidole, wakaanika nyavu, wasivue siku mbili. Wanasema samaki huyakimbia masizi. Chungu husuguliwa kwa mchanga, mbali na ziwa, kwa maji ya kibuyu.

Mimi niliona haya, nikajificha nyuma ya mashua. Zaituni hakujificha. Alichukua chumvi yetu yote, akapita nyumba kwa nyumba akigawa na kuomba radhi. Mwezi mzima tukanywa uji usio na chumvi, naye akauita uji wa adabu. "Kunywa," ananiambia, "bado hujashiba adabu." Hata leo nikipika uji nauacha bila chumvi.

Sasa sikiliza. Tangu mwaka jana wazungu wa boma la Usumbura wanaokaa Rumonge wamekipenda kisiwa hiki. Huja Jumapili na wageni wao, kuoga na kula, kwa sababu ya huo upepo na kukosa mbung'o. Sikatai mtu kupumzika. Hata Zaituni alipumzikia hapa. Lakini hushuka na viatu mpaka majikoni, bila salamu. Mpishi wao huosha masufuria meusi ziwani, na wavuvi hukaa na njaa siku mbili kila wiki. Hupiga bunduki ndege wasiowala. Na nilimkuta mmoja ameketi juu ya mawe ya Zaituni, anamenya yai, maganda anayatupa papo hapo.

Niliokota maganda. Nikaondoka nayo mkononi. Siku ile nilijichukia, dada.

Kisha bwana mkubwa wao akaniita Rumonge. Alitaka nimjengee kibanda cha kuvulia nguo, palepale chini ya michikichi, kwa kuwa pana kivuli, na yale mawe yawe msingi.

Nikasema, "Bwana, pale pana makaburi. Nitakujengea upande wa pili, na paa nitakuezekea vizuri. Ila naomba wageni wako wangoje kukaribishwa, na masufuria yasioshwe ziwani."

Akacheka. "Mgeni? Tangu lini serikali ni mgeni?"

"Mimi ni mgeni hapa mwaka wa sita," nikamjibu, "na wewe, bwana, umekuja baada yangu."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Labda yalikuwa ya Zaituni. Bwana hakucheka tena. "Hamsa ishirini," akasema, ndivyo viboko ishirini na vitano. Askari aliyenilaza chini alininong'oneza, "Fundi, leo utatia kalafati matako yako mwenyewe." Baada ya kiboko cha mwisho bwana akauliza kama sasa nitajenga. Nikasema upande wa pili, ndiyo. Pale, hapana. Akaagiza fundi mwingine.

Wavuvi walinibeba kwa mtumbwi wakanirudisha kisiwani, na Mama Karorero ananipaka mawese asubuhi na jioni. "Umekuwa kama mukeke wa kukaanga," ananitania kwa jina la samaki wa ziwani, "bado ndimu tu." Na miti ya kibanda iko Rumonge mpaka leo. Hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kuipakia. Huyu mtumbwi wake unavuja, yule mkono unamuuma, wa tatu amefiwa na shangazi. Nimeziba mitumbwi yote ile kwa mikono yangu, haivuji hata mmoja.

Jumapili iliyopita walikuja tena. Nililala mlangoni nikaona yote. Wanawake wote walikuwa wamesimama ufukweni. Mashua ilipofika kwenye maji ya magoti, wapiga makasia, vijana wa hapa hapa, wakaweka makasia chini. Bwana akapiga kelele, "Upesi!" Hakuna aliyesogea. Jua likawa kali. Mwishowe bibi mmoja wa kizungu, mgeni wake, akavua viatu akashuka, gauni likalowa, akasimama majini akatutazama. Sijui ni nani aliyemweleza. Labda alitazama tu akaelewa.

Mama Karorero alimpima kwa macho muda mrefu. Kisha akasema, "Karibu, weye." Akainua kidole kuelekea mashua. "Wao bado."

Bwana aligeuza mashua kwa hasira. Yule bibi ilimbidi arudi naye, lakini kwanza aliinamisha kichwa. Bwana aliapa kurudi na askari na fundi wake. Najua atarudi. Akirudi atanikuta juu ya mkeka wangu, kando ya mawe ya mke wangu. Asiposubiri majini kama watu wengine, sitamwambia karibu, hata anilaze chini mara ya pili.

Kwa hiyo usiniite nyumbani, dada. Hapa nilibisha hodi, nikafunguliwa.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu fundi cherehani, na mjomba anayesomesha chuoni, umwambie hati aliyonifundisha bado inanifaa hata nikiwa nimelala. Mama mkwe wangu mpe mkono kwa heshima. Mwambie kaburi la mwanawe ni safi. Habari ya kiboko usimpe.

Na siku mkipika uji hapo nyumbani, acheni bakuli moja bila chumvi, mnikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Makame